Namba Moja, Watu Kumi na Wawili

Lodwar,
14 Oktoba 2012

Ebenyo wangu,

Kabla hujaendelea kusoma, kaa chini, kwa sababu barua hii ina hesabu. Nakujua. Ukiona tarakimu unaanza kutafuta viatu.

Nimeamua tuandikiane. Kwa simu, mtandao wa Kakuma unakula nusu ya maneno yako, nusu iliyobaki tunagombana, halafu salio linaisha kabla hatujasameheana. Odongo, yule dereva wa lori la dawa, anakuja huko kila baada ya wiki mbili na amekubali kuwa posta yetu. Anasema malipo yake ni kualikwa harusini na kuwekewa mguu mzima wa mbuzi.

Na harusi ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Wiki jana nilikuwa nyumbani Sotik. Baba aliniuliza, "Huyo Mturkana wako ameandikwa wapi?" Nikamweleza kwamba wewe ni mkalimani wa shirika la maji, unakusanya habari za visima kutoka kwa wafugaji na kuziandika kwa Kiingereza. Akasema, "Sikuuliza anafanya nini. Nimeuliza ameandikwa wapi." Unajua amefanya kazi kiwanda cha majani chai miaka thelathini na moja. Kwake yeye, mwanamume asiye na karatasi ya mshahara ni mgeni anayepita.

Nilikutetea, lakini usiku nilifikiria kazi zetu mbili. Mimi ndiye ninayetayarisha mishahara ya ofisi nzima, kwa hiyo nisikilize. Mimi nakatwa ushuru kabla sijaiona pesa. Mwajiri anahesabu, anapeleka serikalini, mwisho wa mwaka ananipa karatasi moja, basi. Wewe shirika linakukata shilingi tano kwa kila mia, nawe unafikiri mambo yamekwisha. Hayajaisha! Hizo tano ni arubuni tu. Kwa elfu ishirini na mbili zako za mwezi, mtu wa mshahara angekatwa elfu moja mia saba na arobaini. Wewe unakatwa elfu moja na mia moja. Unacheka, sivyo? Hiyo tofauti inakungoja Juni, siku utakayojaza fomu na kuiambia serikali mwenyewe ulichopata.

Lakini una bahati moja ambayo mimi sina. Nikinunua viatu vya kwendea ofisini, hilo ni shauri langu. Wewe ukipanda pikipiki kwenda kisimani, au ukimlipa mtu akusaidie kazi, gharama hiyo inaondolewa kwanza kabla ya kuhesabiwa ushuru, mradi una karatasi ya kuthibitisha. Kwa hiyo weka kila kitu. Mwaka ukiisha niletee vyeti vyako vya makato, nitakujazia fomu mwenyewe. Na namba yako ya ushuru, ile PIN, ichunge. Usimpe mtu.

Tafadhali tafuta kazi ya kuandikwa. Si kwa ajili ya Baba peke yake. Nimechoka kulala Lodwar nikikuwaza Kakuma.

Wako,
Chepkirui


Kakuma,
4 Novemba 2012

Chepkirui wangu,

Ejok, njema! Nilikaa chini kama ulivyoniamuru, nikasoma hesabu, nikasimama, nikakaa tena. Kumbe mwanamke ninayetaka kumwoa ni ofisi nzima ya ushuru. Odongo aliponipa bahasha alisema, "Bwana Ebenyo, hii barua ya madam iko na uzito kuliko hizo katoni za dawa."

Mwambie mzee, kwa heshima zote, kwamba naitafuta kazi ya kuandikwa. Watu wanasema mwakani baada ya uchaguzi kutakuwa na serikali ya kaunti pale Lodwar, na itahitaji wenyeji wanaojua kusoma na kuzungumza na wafugaji. Hiyo naingoja kwa macho mawili. Nataka kurudi nyumbani jioni nikukute unanikaripia.

Huku kazi ni ileile. Wazee na vijana kumi na mmoja wanakaa kwenye visima kuanzia hapa mpaka Kaaleng. Wanaangalia nani ameleta mifugo mingapi, wapi pampu imeharibika, nani amegombana na mkimbizi juu ya foleni ya maji. Mimi nazunguka, nasikiliza, naandika. Wao ndio kazi. Mimi ni kalamu yao tu. Mkubwa wao ni Mzee Aregae wa Kaaleng, ambaye hajui herufi hata moja lakini anaweza kukutajia mbuzi mia nne kwa rangi zao.

Sasa nikuulize jambo, si langu. Kuna rafiki yangu hapa anayefanya kazi kama yangu na shirika jingine. Watu wake hawana PIN, wengine hata kitambulisho hawana. Shirika likasema haliwezi kumlipa mtu asiye na PIN. Basi akakubali namba yake iandikwe kwa wote, pesa yote ipitie kwake, naye awagawie. Anawagawia siku hiyohiyo, mchana, kwenye mchanga wa mto, kila mtu anaona. Makato yote ameyabeba yeye kutoka fungu lake, kwa sababu hakujua atawaelezaje wazee kwamba kuna shilingi zimekatwa na hazirudi. Je, rafiki yangu huyo yuko salama?

Wako daima,
Ebenyo


Lodwar,
18 Novemba 2012

Ebenyo mpenzi,

Barua yako imenifurahisha sana mpaka nikawasomea wenzangu ofisini kile kipande cha rafiki yako. Tulicheka hadi chai ikapoa. Natasha wa stoo alisema huyo ni mtume, si mkalimani.

Mwambie rafiki yako ni mjinga. Samahani, lakini ni mjinga. Serikali haioni mchanga wa mto. Inaona namba moja imelipwa pesa za watu kumi, basi mwenye namba ni tajiri, na tajiri anakatwa thelathini kwa kila mia ya juu. Dawa iko, na ni rahisi. Kila anapowagawia, awe na daftari. Aandike jina, kiasi na tarehe, na kila mmoja aweke kidole cha gumba. Hapo zile pesa zinakuwa gharama zake na zinaondolewa. Bila hivyo zote ni zake mbele ya sheria, hata kama hajala hata mia.

Mwanamume wa namna hiyo mimi nisingemkabidhi hata kuku wa kumpeleka sokoni. Namshukuru Mungu wewe una akili.

Nakusubiri Krismasi. Nimenunua pazia la buluu. Usiulize bei.

Wako,
Chepkirui


Kakuma,
3 Februari 2013

Chepkirui wangu,

Siku za Krismasi zilikuwa fupi. Nilikuwa na jambo la kukuambia na sikuliambia. Kila nilipofungua mdomo, ulikuwa unacheka, na sikutaka kukuharibia kicheko.

Odongo anakuletea bahasha ya kaki. Ndani yake mna vyeti vyangu vya makato vya mwaka mzima wa 2012. Nimeifunga kwa gundi. Nakuomba sana usiifungue. Pasaka nitakuja, nitakaa mbele yako, tutaifungua pamoja, na nitakueleza kila kitu. Fomu ni mpaka mwisho wa Juni, kwa hiyo muda upo.

Yule rafiki yangu nilimpa ujumbe wako kuhusu vidole. Alijaribu. Alinunua daftari na wino wa muhuri, akaenda nao mtoni siku ya malipo. Alipoweka ule wino kwenye mchanga, mzee mmoja aliutazama, kisha akamtazama yeye. Unajua huku kwetu kidole kinawekwa kwenye foleni ya mahindi ya msaada. Ukiwa na njaa unaweka kidole. Huwezi kumwambia mtu wa umri wa baba yako aweke kidole kwa jasho lake, kama anayeombaomba. Rafiki yangu alirudisha wino mfukoni akagawa pesa kwa mkono kama zamani. Wewe utasema ni mjinga. Mimi nilikuwa karibu naye siku hiyo, na sijui ningefanya nini tofauti.

Nakupenda. Nivumilie hadi Pasaka.

Ebenyo


Lodwar,
11 Februari 2013

Ebenyo,

Nimeifungua. Niliweka bahasha juu ya mvuke wa sufuria, gundi ikaachia yenyewe. Nilitaka kukushangaza, ukifika Pasaka ukute fomu imejazwa tayari na wewe hudaiwi kitu.

Milioni moja na hamsini na sita elfu! Nimejumlisha mara nne. Elfu themanini na nane kila mwezi, kwa jina lako, kwa namba yako. Wewe uliyeniambia unapata elfu ishirini na mbili. Wewe uliyekuja Krismasi na shati lenye kola iliyogeuzwa, nikakuonea huruma, nikakununulia jipya kwa mshahara wangu wenye makato.

Pesa hizo zinakwenda wapi? Una mke huko? Una watoto? Niambie jina lake tu. Mimi nimemtetea mwanamume kwa baba yangu kumbe simjui.

Siwezi kutuma barua hii. Nikiituma utajua kwamba niliiba siri yako kwa sufuria ya maji moto. Nitakuuliza kwa njia nyingine.

(Haikutumwa.)


Lodwar,
24 Februari 2013

Ebenyo,

Natumai kazi inaendelea vizuri. Bahasha imefika, iko kabatini, asante.

Nina habari njema. Baba amelegea. Amesema hatang'ang'ania tena mambo ya kuandikwa. Anataka tu aone una nia, na nia yenyewe ni elfu sitini kwa mkono kabla ya Pasaka, badala ya ng'ombe wawili wa kwanza. Mengine yatafuata polepole. Nimeona si kitu kikubwa kwa mtu anayefanya kazi mwaka wa pili sasa bila kupumzika.

Nijibu kwa uaminifu. Hilo tu ndilo ninalotaka kwako, uaminifu.

Chepkirui


Kakuma,
17 Machi 2013

Chepkirui wangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimefurahi kwa mzee kulegea, na nimeaibika, vyote kwa pamoja.

Sina elfu sitini. Nakuambia kwa uaminifu kama ulivyotaka. Nina elfu tisa. Naweza kuuza mbuzi saba wa mama yangu waliobaki Lokichar, lakini bei imeshuka baada ya uchaguzi na wanunuzi wa Kitale hawajarudi. Nipe mpaka Agosti. Utaniuliza mtu anafanyaje kazi miaka miwili na kubaki na elfu tisa. Nina jibu, lakini ni la kuzungumza ana kwa ana.

Na tena, nisamehe, Pasaka sitaweza kuja. Kijana mmoja wa kundi letu, Longor, ameumwa na nyoka kisimani na mguu umevimba vibaya. Nitakwenda naye hospitali ya misheni, na sina mtu wa kumwachia zamu. Nitakuja Mei bila kukosa. Usiichoke bahasha yangu.

Ebenyo


Lodwar,
9 Aprili 2013

Ebenyo,

Pole kwa mgonjwa.

Nimefikiri sana siku hizi. Naona mimi na wewe tumekuwa tukiandikiana kama watu wanaojuana kumbe sivyo. Usije Mei. Nimeomba uhamisho wa kwenda Kericho na nadhani nitaupata.

Odongo anakurudishia bahasha yako ikiwa imefungwa kama ulivyoileta. Mambo ya fomu utajaza mwenyewe. Mtu mwenye mapato yake hakosi wa kumsaidia.

Usinipigie simu. Ukinipenda kweli, utakubali.

Chepkirui


Kakuma,
26 Agosti 2013

Chepkirui,

Sijui kama nina ruhusa ya kukuandikia. Nilikaa kimya miezi minne kama ulivyotaka. Nilidhani mzee amekataa mtu wa elfu tisa, na sikumlaumu. Odongo amesema bado uko Lodwar mpaka mwisho wa Septemba, kwa hiyo najaribu.

Kaunti imetangaza kazi ya afisa wa maji na jamii, Lodwar, ya kuandikwa, ya kudumu. Nilifanya mahojiano na nikawa wa kwanza. Barua ninayo. Sharti lililobaki ni moja, nipeleke cheti kinachoonyesha sidaiwi ushuru, kabla ya tarehe ishirini Septemba. Nilipanda basi mpaka Eldoret kwenye ofisi ya ushuru. Dada wa kaunta aliingiza namba yangu, akageuza kompyuta nione mwenyewe. Fomu ya mwaka 2012 haijaletwa. Na kwa mapato niliyo nayo, nadaiwa laki moja na tisini na moja elfu, na faini juu yake. Aliniuliza kwa upole, "Mzee, hizi pesa zote ulizipeleka wapi?"

Hakuna rafiki, Chepkirui. Rafiki ni mimi. Watu ni wale kumi na mmoja, akina Mzee Aregae. Namba iliyoandikwa kwa wote ni yangu. Kila mwezi zilikuja elfu themanini na nane, zikakatwa elfu nne na mia nne, nikawagawia wao elfu sita sita, nami nikabaki na elfu kumi na saba na mia sita. Nilikuuliza kwa mzunguko kwa sababu ulikuwa umenionya kuhusu PIN, na barua yako ilipofika nikiwa tayari mjinga wa ofisi nzima, niliogopa. Bahasha ilikuwa na ushahidi wa ujinga huo. Ndiyo maana niliifunga.

Bahasha iliponirudia Aprili nilidhani ukweli haukuhusu tena. Juni ilipita nikiwa nimelala chali naangalia bati. Nilijiambia nimeshakatwa, yatosha.

Sikuombi turudiane. Naomba tu akili yako. Wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayeweza kuniambia kama kuna njia. Kazi hii niliiomba nikikufikiria, hilo sitakuficha, lakini sasa naihitaji pia kwa ajili ya mama.

Ebenyo


Lodwar,
5 Septemba 2013

Ebenyo,

Ninaandika huku nalia, kwa hiyo usishangae wino ukitapakaa. Ndani ya bahasha hii utakuta barua ya tarehe kumi na moja Februari ambayo sikuituma. Isome kwanza, kisha urudi hapa.

Sasa unajua. Niliifungua bahasha yako siku saba tu baada ya kuipokea. Nikaifunga tena kwa gundi ya ofisi, nikakuandikia kwamba iko kama ulivyoileta. Baba hakulegea na hakutaka elfu sitini. Niliitunga ile habari nikupime. Nilitaka useme huna, ili niwe na uhakika kwamba wewe ni mwongo. Ukasema huna, na ulikuwa unasema kweli.

Mimi ninayejua makato ya watu hamsini na tatu kwa kichwa! Cheti kilikuwa mkononi mwangu, na hadithi ya rafiki yako ilikuwa kwenye sanduku langu la barua, na sikuweka kimoja kando ya kingine. Mtu wa mshahara akiona jina na kiasi kwenye karatasi, anaamini kiasi ni cha mwenye jina. Kwetu ndivyo ilivyo, haiwezi kuwa vingine. Nilikupima kwa karatasi yangu. Halafu ile kucheka! Niliposoma kwamba rafiki ni wewe nilikumbuka neno moja moja nililoandika, na kuku wa sokoni, nikatamani ardhi inimeze.

Sasa sikiliza kazi. Nimepiga hesabu jana yote. Kama ungekuwa na vidole vya watu wako kwenye karatasi, mapato yako halisi ni laki mbili na sitini na nne elfu. Ushuru wake kwa mwaka, ukitoa punguzo la kila mtu, ni kama elfu ishirini na moja. Wewe umekatwa elfu hamsini na mbili na mia nane. Unaona? Hudaiwi. Serikali ndiyo ingekurudishia karibu elfu thelathini na mbili. Ningeweza kuyafanya haya Februari kwa jioni moja. Tungekuwa na miezi minne ya kuwatafuta watu. Ilihitaji tu niulize, "Ebenyo, hizi ni za nani?"

Tafuta vidole. Kila mmoja aweke kimoja kwa kila mwezi aliolipwa, na chifu atie muhuri. Nimekuwekea karatasi kumi na mbili nilizochora mistari, na fomu nimeijaza yote, imebaki sahihi yako. Kimbia, zimebaki siku kumi na tano.

Na jambo la mwisho, ambalo ningetoa mshahara wa mwaka nisikuandikie. Tarehe kumi na saba Agosti wazee wa Kipngeno walikuja kwetu Sotik kuniposa kwa ajili yake. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, hana kosa lolote. Mazungumzo ya mahari yalikwisha siku hiyohiyo na Baba aliipokea. Barua yako ilinikuta siku kumi baadaye. Kwetu mambo yakifika hapo, binti harudi nyuma bila kumvunja baba yake mbele ya ukoo mzima. Nimefikiria kumvunja. Usiku mmoja nilifungasha nguo nije Kakuma, asubuhi nikazitoa. Sina la kujitetea.

Nisamehe kama unaweza.

Chepkirui


Kakuma,
6 Oktoba 2013

Chepkirui,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa njiani nikitafuta vidole. Mvua ilinyesha upande wa milimani na watu walikuwa wamehama na mifugo. Watano niliwapata karibu, watatu Lokichoggio, Longor yuko hapa na mguu wake umepona. Waliobaki sikujua waliko.

Mzee Aregae alikuja mwenyewe. Alisikia kwa watu kwamba namtafuta na wino, akatembea siku mbili kutoka malishoni mbele ya Kaaleng na siku ya tatu akapata lori, akiwa na yule wa mwisho nyuma yake. Nilimweleza yote, mara ya kwanza, kuhusu namba, makato, na siku ile niliyorudisha wino mfukoni kwa sababu ya macho yake. Aliniuliza, "Ulifikiri nimekasirika?" Nikasema ndiyo, apa, baba yangu. Akasema, "Siku ile nilikuwa naangalia kitu kipya. Nilingoja uniambie ni cha nini. Hukuniambia." Kisha akaweka kidole mara kumi na mbili, taratibu, akipuliza kila alama ikauke, na akawasimamia wengine mpaka wote wakamaliza.

Hiyo ilikuwa tarehe ishirini na saba. Kazi ilikuwa imeshapewa mtu wa pili tarehe ishirini na tatu. Ni kijana wa Lodwar, ana adabu, alinipigia simu kunipa pole. Sina kinyongo naye.

Fomu nimeipeleka Eldoret pamoja na karatasi zako. Yule dada wa kaunta alihesabu vidole kimoja kimoja, akasema faini ya kuchelewa nitalipa, lakini deni limefutika. Ile pesa ya kurudishiwa itakuja baada ya miezi, labda mwaka. Cheti nilipewa palepale. Ninacho sasa, safi, kina jina langu na muhuri, na hakuna mtu anayekihitaji.

Umeomba msamaha. Nimekusamehe, na si kwa ukarimu. Uliifungua bahasha kwa siri, lakini mimi ndiye niliyeifunga kwa gundi nikampa mwanamke anayenipenda nikamwambia asitazame. Ningekuambia Krismasi, ukiwa na lile pazia mkononi, ungenitukana saa nzima, kisha ungechukua kalamu. Nalijua hilo sasa. Nilijua hata wakati ule. Nilichagua unione mwerevu kwa miezi michache zaidi.

Nenda Kericho, Chepkirui. Mheshimu Kipngeno, hakutukosea. Karatasi zenye mistari yako ziko Eldoret kwenye faili la serikali, kwa hiyo hapa kwangu hakuna kitu chenye mwandiko wako isipokuwa barua hizi, na barua hizi nitazichoma, kwa sababu siku moja nitaoa na sitaki mtu mwingine afungue asichoelewa akakaa nacho peke yake.

Odongo anaondoka saa hii. Aliniuliza kama arudi kwako kungoja jibu. Nimemwambia asingoje.

Ebenyo